Mwaka Niliomsamehe Matiasi

Alikuja Jumanne saa nne asubuhi, mwanamke wa makamo aliyevaa gauni jeusi na kitambaa cheusi kichwani, akapiga hodi kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama nyumba ndiyo. Nilikuwa nimekaa ukumbini nakoroga chai. "Shikamoo baba," alisema. "Marahaba mwanangu, karibu." Akakaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, akaniuliza kama mimi ndiye karani wa barafu. Kijiko kilinidondoka. Zaidi ya miaka sitini imepita tangu mtu aniite jina hilo, na walioniita hivyo wengi wao wameshazikwa. Akasema yeye ni Anna, binti wa Matiasi, anatoka Bububu, na kwamba baba yake alifariki Ijumaa, kitandani kwake, bila ya tabu. "Alituachia wasia," alisema. "Alisema, nikifa mtafuteni karani wa barafu mumwambie, kwa sababu yule ndiye aliyenisamehe." Kisha akanieleza jambo jingine juu ya baba yake, ambalo nitalisema mahali pake, maana nikilitanguliza sitaweza kuandika yaliyobaki. Nilimtazama usoni nikamwona Matiasi: paji lile lile pana, na ile namna ya kuinamisha kichwa upande mmoja kabla ya kusema. Bububu si mbali. Nimepita njia ile mara nyingi katika umri wangu, nami nilijua kuwa Matiasi anaishi huko. Nilipokuwa ndani ya basi nilikuwa nikitazama upande wa pili.

Mwaka wenyewe ni mmoja wa ile ya mwisho ya hamsini, Ramadhani ilipoangukia mwishoni mwa kaskazi, masika hayajafunguka, mawe ya mjini yamekunywa jua miezi mitatu na usiku yanalitema. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza skuli ya sekondari, naongea Kiingereza cha vitabuni, na nimepata kazi ya ukarani katika kiwanda cha barafu upande wa Malindi, mtaa wa bandarini wa mji wetu wa kisiwani. Kazi yangu kubwa ilikuwa kushika ufunguo. Nyuma ya mashine palikuwa na chumba cha baridi chenye mlango mzito uliojazwa magome ya mti ndani ya kuzuia joto, unene wake kama urefu wa mkono mpaka kiwiko, na wenye ufunguo wake tulikuwa mimi na injinia tu. Ndani barafu ilipangwa kwa safu, mabonge marefu yaliyotolewa kwenye makopo ya bati, kila moja kama jeneza la mtoto. Harufu ya amonia ilikukata pua ukiingia, lakini baada ya pumzi mbili tatu huikumbuki tena, unaikumbuka baridi tu. Siku hizo wachache mno walikuwa na friji majumbani. Ramadhani ikiingia mji mzima ulifuturu kwa barafu yetu: asubuhi mikokoteni ilitoka na mabonge yaliyozungushiwa magunia na unga wa mbao, na kila mtaa ulikuwa na mtu wake wa kuipasua na kuwagawia watu vipande, navyo vikaingia kwenye majagi ya ukwaju na sharubati. Ukinitaka nikuambie fahari yangu mwaka ule, ni hiyo. Magharibi ikiadhiniwa, nilikuwa nikisema moyoni kwamba kila anayemeza funda lake la kwanza nimemfungulia mlango mimi.

Injinia alikuwa Mzungu wa nchi za theluji, si Mwingereza, mtu mrefu mwenye nyusi nyeupe, na alikuja na mbwa wake. Mbwa yule alikuwa mweupe wote, mkubwa kama ndama mdogo, manyoya yake mazito tabaka mbili, la juu refu na la chini kama sufi iliyojazwa kwenye mto. Jina lake la Kizungu lilitushinda, tukamwita Pamba. Injinia alijua amefika mji wa Waislamu. Siku ya kwanza alichukua rangi nyekundu na brashi, akachora mstari sakafuni mbele ya mlango wa chumba cha baridi, akatwambia kwa Kiswahili chake: "Mbwa hii hapana pita hapa. Kabisa." Na kweli hakupita. Alilala upande wake wa mstari, juu ya saruji, pale ambapo mlango ukifunguliwa upepo wa baridi ulimpitia puani. Watu waliokuja kuchukua barafu waliuona mstari, wakaondoka wametulia. Mstari ule ulikuwa ndio ushahidi wetu.

Aliyemhudumia Pamba alikuwa Matiasi. Matiasi alikuja kutoka bara kwa uchumaji wa karafuu, akabaki, akawa msukuma mkokoteni wetu na fundi wa msumeno wa barafu. Akikata bonge, pande mbili zilitoka sawa kama zimepimwa. Alikuwa Mkristo, kwa hivyo mbwa hakumpa shida. Kila asubuhi kabla ya kupakia alimchana Pamba mlangoni kwa kitana cha chuma, na manyoya yaliruka kichochoroni mpaka kwenye madirisha ya watu. Wapita njia walikuwa na lao kila siku. "Matiasi, kondoo wako utamchinja lini?" Naye bila ya kuinua kichwa: "Ngoja sikukuu yenu, paja lako nshaliweka upande." Walicheka, wakajikusanya nguo zao wasiguswe, wakapita. Mimi aliniita karani, ingawa alinizidi miaka minane au tisa. Mwezi ule alikuwa hali chochote mbele yetu. Mkate wake aliuingiza mfukoni, akaenda kuulia nyuma ya pipa la mafuta, na akirudi alifuta mdomo vizuri. "Haifai kumtafunia mtu mwenye kiu," alinambia. Sikumtilia maanani. Leo nakumbuka hata namna alivyokuwa akiufuta.

Katikati ya Ramadhani injinia aliitwa Pemba kutengeneza mashine iliyoharibika. Alisema atakaa siku nne, akakaa karibu wiki mbili kwa kungoja chuma fulani kilichochelewa. Alituachia mbwa: Matiasi amlishe na kumchana, na mimi nihakikishe anamwagiwa maji adhuhuri. Zile siku zilikuwa mbaya kuliko zote za kaskazi ile. Upepo ulikatika. Saa sita mchana Matiasi yuko njiani na mkokoteni, wengine wamekwenda msikitini au wamejitupa kivulini, na mimi niko peke yangu na yule mnyama. Ulimi wake ulikuwa nje wote, mwekundu unaelekea uzambarau, mbavu zinakwenda mbio, na maji niliyommwagia kwa ndoo yaliteleza juu ya manyoya bila kufika mwilini. Siku ile ya kwanza alijaribu kusimama akaanguka ubavu. Hakulia. Alinitazama, kisha akautazama mlango. Nami nilikuwa nimefunga, koo limekauka kama karatasi, najua hasa anachokitaka. Nilifikiri: mimi nina magharibi ya kungojea, huyu hana. Nikatoa ufunguo. Nilifungua mlango, nikasogea kando, nikajibana ukutani nguo zisimguse. Alijikokota, akauvuka mstari mwekundu, akaingia.

Sikumgusa. Nataka msomaji aone namna nilivyokuwa najihesabia haki: katika siku zote nne sikumgusa hata kwa kidole. Alipanda juu ya safu ya chini ya mabonge, akajikunja, pua chini ya mkia, akalala usingizi ambao sikuwahi kumwona nao nchi hii. Pumzi yake ilitulia mpaka nikadhani amekufa. Baada ya muda wa kama saa moja nilimpigia mluzi, akatoka akinyoosha miguu kama mtu aliyetoka kuoga. Nami nikaingia na ufagio. Nilifagia manyoya niliyoyaona, nikamwaga ndoo ya maji juu ya mabonge aliyolalia. Hukumu naijua; nilisomeshwa chuoni kabla sijajua kuandika jina langu. Alipogusa mbwa penye majimaji paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Lakini barafu utaioshaje mara saba? Ya saba haipo. Na udongo utautiaje juu ya kitu ambacho watu watakinywa? Dawa ilikuwa kuyatoa yale mabonge na kuyatupa, na kuyatupa ni kusema kwa nini. Nikajiambia maji yamepita, yatosha. Jambo ambalo sikulijua, pamoja na skuli yangu yote, ni hili: mbwa akilala juu ya barafu, joto la mwili wake huiyeyusha juu kidogo, na akiondoka ile barafu huganda tena pamoja na kilichobaki. Manyoya meupe ndani ya barafu nyeupe. Nilikuwa nafagia yale ya juu tu.

Nilikuwa nakaa kwa Bi Zuwena, Mkunazini, mjane aliyeshona kofia na kupangisha chumba kimoja cha juu. Futari yake ilisifiwa. Jioni ya siku ya nne, kumi la mwisho limeingia, tulikuwa ukumbini wanaume watano juu ya mkeka, na aliyekaa mbele alikuwa kaka yake, Maalim Haji, mwalimu wa chuo, mzee mwenye ndevu fupi na mzaha mrefu. Palikuwa na tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga, na jagi kubwa la ukwaju ambalo barafu ililia ndani yake ulipolitikisa. Adhana ikaja. Maalim alikula tende, akachukua gilasi, akanywa funda refu macho yamefumba, kisha akasita. Alitoa ncha ya ulimi, akachomoa kitu kwa vidole viwili, akakivuta, na kikawa kinakuja, kirefu, cheupe. "Zuwena!" aliita. "Siku hizi unashonea kofia ndani ya jagi?" Tulicheka wote. Bi Zuwena akajibu kutoka nyuma ya pazia: "Hizo ndevu zako mwenyewe, kaka. Uzee huo." Tukacheka tena. Mimi pia nilicheka; nakumbuka mdomo wangu uliokuwa wazi. Maalim akatumbukiza kijiko ndani ya jagi, akatoa kipande cha barafu, akakiinua kwenye taa. Ndani yake, wazi kabisa, kama wadudu walionaswa kwenye ulimbo, palikuwa na kishungi cha manyoya, laini, kimejikunja. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nani. Mji mzima ulikuwa ukiyaona yakiruka kichochoroni kila asubuhi.

Mshtuko ule sijaupata tena, hata siku nilizozika. Mtu mmoja alitoka mbio akatapika barazani. Mwingine alikaa mikono hewani, hajui aishushe wapi. Bi Zuwena aliingia bila ya kujitanda, jambo ambalo sikuliona kabla wala baada, akalichukua jagi kwa ncha za kanga kama anabeba makaa. Na mimi gilasi yangu ilikuwa tupu. Nilikuwa nimekunywa yote. Siku nne nilikuwa nakunywa, nikijua, na sikuona ladha yoyote.

Kabla ya Isha habari ilikuwa imezunguka Mkunazini, na kesho yake mji. Waliopata manyoya walikuwa nyumba tatu tu, lakini aliyekuwa hakuyaona alijihesabu ameyameza. Maalim Haji alikaa barazani kutwa akiwatuliza: saumu yao ni sahihi, hawakujua, Mungu hamwandikii mtu asichokijua, kilichobaki ni vyombo. Vyombo vikaoshwa. Mji wa mawe na chokaa, udongo safi haupatikani mlangoni. Nilitumwa Mnazi Mmoja na kikapu, nikakuta foleni ya watu wanachimba. Nilirudi tukakaa uani mimi na Bi Zuwena, magilasi yamepangwa, yeye anasugua mimi namwaga maji, na hesabu nafanya mimi: moja, mbili, tatu. Vichochoro vyote ukipita ulisikia hesabu hiyo hiyo nyuma ya milango. Nje, bonge zima lilikuwa limetupwa kwenye mtaro, linayeyuka juani, na wanawake wanawavuta watoto wasilikanyage maji yake. Tulipofika gilasi ya nne Bi Zuwena akanambia bila kunitazama: "Sele mwanangu, wewe ndiye unayeshika ufunguo. Hukujua?"

"Sikujua, Bi Zuwena."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Nikaendelea: nne, tano, sita. Nilikuwa nimefunga. Nimefikiri sana baadaye, kwamba katika mji mzima saumu iliyoharibika siku ile ilikuwa moja, na haikuharibika kwa unyoya.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mpaka swali limechakaa. Sikuogopa kazi peke yake. Niliogopa jina. Mjini kwetu mtu akishapewa jina halimtoki hata akifa. Palikuwa na mzee aliyeitwa Bakuli kwa kosa la utotoni ambalo hakuna aliyelikumbuka tena. Niliona nitaitwa nini, na watoto wangu wataitwa watoto wa nani. Asubuhi ya siku ile ile, kabla ya vyombo, tajiri mwenye kiwanda alikuja mwenyewe, uso umekuwa wa majivu, nje ya lango watu wamejaa wameshika vipande vya barafu ndani ya magunia kama vielelezo vya mahakamani. Alitupanga mstari wafanyakazi wote. Hakuuliza nani aliyefungua mlango. Mstari mwekundu ulikuwa pale pale, hakuna aliyefikiri kuwa mbwa aliuvuka. Aliuliza: "Nani anayemshika mbwa huyu?" Nikajibu mimi, karani, ndiyo kazi yangu kujibu: "Matiasi ndiye anayemlisha na kumchana." Kila neno la kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Matiasi aliinamisha kichwa upande. "Ni kweli, bwana," alisema. "Namchana, halafu napakia. Labda manyoya yalinigandia nguoni, yakaingia kwenye unga wa mbao." Aliziangalia nguo zake, akazipangusa, kana kwamba hata wakati ule anaona kitu. "Mimi nilidhani nimekung'uta." Tajiri alimwambia achukue vitu vyake. Vitu vyake vilikuwa shati na kitana. Msumeno ulikuwa wa kiwanda. Aliufuta, akautundika msumarini. Lango lilipofunguliwa watu hawakumpiga, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini walimfanyia njia pana, kila mtu anavuta nguo zake kama walivyokuwa wakifanya kwa Pamba. Mmoja akapaza sauti: "Matiasi Mbwa!" Jina ambalo lilikuwa langu lilimpata yeye, nami nilisikia likimkaa.

Nilichofanya baada ya hapo naona kizito zaidi, labda kwa sababu hakuna aliyenilazimisha. Mbwa alikuwa hajui lolote la hukumu. Siku nne nilimfungulia saa sita, na siku ya tano saa sita alikuja mlangoni, akangoja. Sikufungua. Nilikuwa mezani pangu, hatua kumi, nimefungua kitabu. Alianza kukwaruza. Kwanza taratibu, ukucha mmoja mmoja, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi. Kisha kwa mikono yote miwili. Halafu akageuka akanitazama, hana hasira, anashangaa tu kwamba sijaelewa. Aliyeletwa badala ya Matiasi alimrushia maji kutoka mbali, maji ya pipa lililokaa juani, na chakula alikisukuma kwa fimbo. Siku sita nilisikia kucha zile. Ningeweza kumpeleka ufukweni alfajiri. Ningeweza kwenda Ng'ambo, alikokuwa akikaa, kumwita Matiasi amkate manyoya. Kila hatua ambayo ningemwendea mbwa yule ningeonekana namjua. Siku ya saba, nilipofika saa tatu asubuhi, alikuwa amelala juu ya mstari mwekundu, pua imegusa sehemu ya chini ya mlango, pale penye ufa mwembamba unaovuja baridi. Nzi walishafika.

Injinia alirudi siku mbili kabla ya Idi. Nilidhani atapiga kelele. Alichuchumaa mbele ya mlango, akapitisha kiganja kwenye rangi iliyochubuliwa mpaka kwenye mbao. "Miezi kumi yeye nalala hapa," alisema, mgongo kwangu. "Hapana gusa mlango. Sasa yeye najua ndani iko nini. Nani naonyesha yeye?" Nilimjibu kwa Kiingereza changu kizuri kwamba sifahamu. Aligeuka akanitazama mpaka nikaangusha macho, kisha akanyoosha mkono, nikampa ufunguo, akautia mfukoni. Hakumwambia tajiri. Pengine aliona mbwa keshakufa na maneno hayamfufui. Pengine alitaka nibaki nalo. Mwezi uliofuata aliondoka kisiwani.

Sasa Idi. Ukumbi wa Bi Zuwena ulijaa tangu asubuhi, udi umechomwa, kahawa inazunguka, sinia la halua katikati, na kila aliyeingia alishika mikono ya waliomo: nisamehe, nimekusamehe, nawe nisamehe. Mimi niliyasema maneno hayo mara thelathini bila ya kuyasikia. Kama saa nne hivi pakapigwa hodi mlangoni na sauti zikafa moja moja. Alikuwa Matiasi, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia yake ya makuti ameishika kifuani. Hakuvuka kizingiti. "Bi Zuwena," alisema, "nimesikia leo nyinyi mnasameheana. Nami nimekuja. Natoka nyumba ile ya pembeni, wamenifungia mlango, si neno. Mlifunga kwa shida, nami nikakutilieni uchafu kinywani. Sikukusudia. Nisameheni." Kisha Maalim Haji, ambaye unyoya ulikuwa ulimini mwake, aliinuka kwa kishindo cha magoti, akaenda mpaka mlangoni, akamshika mkono. "Mungu atusamehe sote, Matiasi," alisema. "Mimi nimekusamehe." Bi Zuwena akamfungia halua na vipande vya mkate wa mayai, akafunga kwenye karatasi, si kwenye sahani, lakini akampa kwa mkono wake.

Nilidhani ataondoka. Alinitafuta kwa macho ndani ya ukumbi mpaka akaniona nyuma ya watu. "Karani," alisema, "na wewe. Najua ulisemwa kwa ajili yangu, kwamba ulilala kazini. Na Pamba naye masikini, nasikia amekufa kwa joto, hakuwa na wa kumtazama. Hilo nalo langu. Nisamehe, ndugu yangu." Watu waligeuka wote kunitazama. Nafasi niliyoiomba usiku kumi ilisimama mbele yangu imevaa shati jeupe. Ilikuwa siku yenyewe, maneno yenyewe yalikuwa hewani, nilichotakiwa ni kuyageuza tu, niseme mimi ndiye wa kusema nisamehe. Nikanyoosha mkono, nikamshika, kiganja chake kigumu kwa kamba za mkokoteni. "Nimekusamehe, Matiasi," nilisema. Sauti yangu haikutetemeka. Bi Zuwena alinitazama kwa mapenzi. Na Matiasi akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akavaa kofia yake, akaenda zake. Nilishangaa wakati ule, na nashangaa hadi leo, jinsi ilivyokuwa rahisi.

Hilo ndilo alilokuja kunishukuru Anna. Na lile jambo jingine aliloniambia ni hili. Baba yake alikwenda Bububu, akafanya kazi ya kuvunja mawe, akaoa, akazaa watano. Na kila mwaka, likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, Mkristo yule alifunga. Alfajiri mpaka magharibi, hata maji hayanywi, mpaka uzeeni, mpaka miaka miwili kabla ya kufa daktari alipomkataza. Majirani Waislamu walimwambia, Matiasi, si usilimu basi, umeshafika mlangoni. Yeye hucheka. "Kanisa langu lanitosha," akiwaambia. "Hizi nawafungia watu wa mjini niliowaharibia zao." Watoto wake walikua wakijua kwamba baba ana siku kumi za watu. Anna alinisimulia haya akitabasamu, kama unavyosimulia tabia ya mzee umpendaye, wala hakuona kwamba nimeshika mkono wa kiti kwa nguvu.

Nilimwambia palepale. Nilianzia kwenye ufunguo nikamalizia kwenye kucha za mbwa, na tabasamu lake lilikuwa likiondoka kidogo kidogo mpaka ukabaki uso wa Matiasi mtupu. Nilipomaliza nilisema, "Nisamehe mwanangu." Akauvuta mkoba karibu na kifua. Kisha akasema, si kwa ukali: "Mimi siwezi, baba. Si haki yangu. Mwenyewe ameondoka." Nilijua. Hata chuoni tulifundishwa hivyo: haki ya Mungu utamwomba Mungu, haki ya mja utamwomba mja, na mja alikuwa kilomita kumi kutoka kwangu miaka sitini na zaidi. Akasimama. "Lakini utakuja kuyasema kule," aliniambia. "Mama yupo hai. Ndugu zangu wapo. Tumelelewa na siku kumi zile. Njoo uyaseme wayasikie."

Nilikwenda Jumapili. Walinipa kiti, nikakataa, nikasema nimesimama, fimbo mkononi, mbele ya watoto wake na wajukuu na mkewe, bibi mdogo kama ndege, aliyekaa kwenye kitanda cha kamba na shuka miguuni. Sikupunguza neno. Mwana mmoja wa kiume alitoka nje katikati ya maneno yangu, nikamsikia anapiga ukuta kwa ngumi. Nilipofika mwisho sikuomba kitu, kwa sababu nilishajibiwa. Bibi alikuwa akilainisha shuka kwa kiganja. Nilidhani hakusikia vizuri. Kisha akauliza:

"Alikwaruza siku ngapi?"

"Siku sita, mama."

"Matiasi alijua kwamba alikwaruza?"

"Hapana. Hakuna aliyemwambia."

Akafumba macho. "Afadhali," alisema. "Jina alilizoea, na kazi alipata nyingine. Lakini mbwa yule alimlilia. Kila kaskazi alimtaja. Angalijua kwamba alibisha hodi siku sita na mtu yumo ndani, asingelala tena." Akafumbua macho, akanitazama, na hayakuwa na chuki wala kitu chochote ambacho ningeweza kukishika. "Basi wewe ndiye ulale nalo," alisema. "Yeye alikufungia vya kutosha."